Kikundi cha ngoma kwenye tamasha la AFCON 2027: mwongozo kamili wa maandalizi

Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinaandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika, jambo ambalo nchi hizi tatu hazijawahi kulifanya. Agosti 2025 zilijipima kwa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani: mechi ya ufunguzi ikachezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, na fainali ikapigwa Kasarani, Nairobi. Mashindano ya ukubwa huo hayaji na mpira peke yake. Huja na majukwaa: ya maeneo ya mashabiki, ya manispaa, ya hoteli, ya wadhamini, ya balozi zinazotaka kuonyesha utamaduni wao na wa mwenyeji.

Mwongozo huu ni wa vikundi vya mikoani na wilayani: vya ngoma, vya taarabu na kidumbaki, vya zeze na marimba, vya isukuti, vya runyege. Jambo ninalolishikilia tangu mwanzo ni hili: kikundi cha asili kiende huko kama msanii aliyepewa kazi kwa mkataba na mwenye kauli juu ya sanaa yake. Kisiende kuwa pambo la kupokea wageni, kikapigwa picha, kisha kikarudishwa nyumbani na nauli na soda. Tofauti ya hali hizo mbili huamuliwa miezi mingi kabla ya filimbi ya kwanza, na sehemu kubwa ya uamuzi iko mikononi mwenu.

Hatua ya 1: Jueni nafasi ziko wapi na zinaanza lini

Watu wengi wakisikia "tamasha la mashindano" huwaza sherehe ya ufunguzi uwanjani. Hiyo ni nafasi moja, fupi, na waandaaji huipanga kama kipindi cha televisheni. Nafasi nyingi zaidi ziko nje ya uwanja, na mara nyingine huanza mapema kuliko michezo yenyewe.

Michezo ya Olimpiki inaonyesha hivyo vizuri. Kanuni ya 39 ya Mkataba wa Olimpiki inaitaka kamati ya maandalizi iwe na ratiba ya shughuli za utamaduni itakayodumu angalau muda wote ambao kijiji cha wanamichezo kiko wazi. London 2012 walikwenda mbali zaidi. Michezo ilifunguliwa tarehe 27 Julai, lakini tangu Aprili ukumbi wa Globe ulikuwa ukionyesha tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37, na mojawapo ilichezwa kwa Kiswahili na wasanii waliotoka Nairobi. Walipanda jukwaani miezi mitatu kabla ya mwenge kuwashwa, mbele ya watu waliokuja kuwatazama wao. Nafasi za namna hiyo ndizo za kuwindwa.

Kwa AFCON, anzeni na miji yenye viwanja: Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar, Kampala, pamoja na Arusha na Hoima kwenye viwanja vipya. Kisha jiulizeni nyinyi ni wenyeji wa wapi. Kikundi cha runyege kutoka Bunyoro kina haki ya mwenyeji Hoima, na ngoma ya msewe ina haki hiyo Unguja na Pemba. Halmashauri ya mji wenye uwanja hulazimika kuonyesha kilicho chake, kwa hiyo mlango wa kwanza wa kugonga ni wa afisa utamaduni wa pale. Wizara baadaye.

Msisubiri AFCON iwe jukwaa lenu la kwanza kubwa. Tamasha la JAMAFEST la Jumuiya ya Afrika Mashariki limekwisha kuzunguka Kigali, Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Bujumbura. Sauti za Busara hufanyika Zanzibar kila Februari, na tamasha la chuo cha sanaa cha TaSUBa lipo Bagamoyo. Majukwaa hayo yanafundisha mambo ambayo mazoezi ya nyumbani hayafundishi, na yanawapa video na barua za kuonyesha.

Hatua ya 2: Wekeni kikundi kwenye karatasi

Tanzania Bara, jisajilini BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa; Zanzibar, jisajilini BASSFU, baraza la sanaa la huko. Kenya na Uganda, anzeni na ofisi ya utamaduni ya kaunti au ya wilaya, nayo itawaelekeza. Pamoja na cheti hicho muwe na katiba ya kikundi hata kama ni kurasa mbili, akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na namba ya mlipa kodi. Mwandaaji mkubwa hawezi kutuma fedha kwenye simu ya mwenyekiti, na akiweza, ugomvi utawarudia nyinyi.

Andaeni wasifu wa ukurasa mmoja: mnatoka wapi, mnacheza nini, mko wangapi, mmecheza wapi, nani azungumze kwa niaba yenu. Wekeni na video ya dakika tatu. Ipigeni mchana, kamera ikiwa imetulia, miguu ionekane, sauti iwe ileile ya ngoma zenu. Msiweke muziki mwingine juu yake wala maandishi yanayorukaruka. Anayechagua vikundi hutazama video nyingi kwa siku moja. Anatafuta kujua kama mnachezea pamoja na kama sauti inafika.

Hatua ya 3: Kata ngoma bila kuiua

Hapa ndipo pagumu, na ndipo vikundi vingi hupoteza kilicho chao.

Ngoma ya kijijini huanza jioni ikaisha alfajiri. Inapanda taratibu, watu wanaingia na kutoka, mwimbaji anamtania mjomba wake, kina mama wanapokezana. Tamasha litawapa dakika 12, pengine 20. Mkijaribu kuingiza usiku mzima ndani ya dakika hizo mtakimbia tu, na watazamaji wataona watu waliochoka. Njia ninayoiamini ni kuchagua vipande vitatu: namna mnavyoingia, kiini kimoja mnachokikamilisha, na namna mnavyotoka. Kiini kisiwe "vionjo vya ngoma tano". Wasukuma wakileta gobogobo na majembe yao, wacheze gobogobo mpaka mtu wa kando aelewe jinsi jembe linavyoufuata mdundo. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, ina ngoma kubwa, ya kati na ndogo. Apewe msikilizaji muda wa kuzisikia zikijibizana kabla wachezaji hawajamfunika.

Kabla ya kukata chochote, kaeni na wazee. Swali la kuwauliza ni wazi: sehemu gani ni ya kuonyeshwa hadharani, na ipi si ya kila jicho? Nyimbo za jando na unyago zina mafunzo ya walioingia ndani. Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar, alipiga ngoma za unyago jukwaani, akaenda nazo nje ya nchi, na mwaka 2005 akatunukiwa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki. Lakini yeye alikuwa somo, yaani mkufunzi wa unyago, mwenye ngoma zile, na ndiye aliyeamua kipi kitoke. Kijana wa miaka 22 anayesimamia mazoezi hana mamlaka hayo, wala mtayarishaji wa kipindi kutoka mjini hana. Wazee wakisema wimbo fulani haupandi jukwaani, usipande.

Baada ya kukubaliana, pimeni kwa saa. Fanyeni mazoezi ya toleo la dakika 20, la 12 na la 5, kila moja likiwa na ishara ya kumaliza inayojulikana na wote, kwa mfano pigo fulani la ngoma kuu. Siku yenyewe ratiba ikichelewa, msimamizi atakuja nyuma ya jukwaa na kusema mna dakika tano. Kikundi chenye toleo la dakika tano kitacheza vizuri. Kisichokuwa nalo kitakatiwa maikrofoni katikati ya wimbo.

Kuhusu mavazi nasema kwa ufupi. Vaeni kilicho chenu. Kitenge kipya cha sare si kosa, lakini kama ngoma yenu inachezwa kwa kaniki na kibwebwe, mgeni wa Dakar au Rabat atakumbuka kaniki na kibwebwe.

Hatua ya 4: Mfundisheni fundi sauti muziki wenu

Fundi wa tamasha kubwa amezoea bendi: gitaa, kinanda, dramu, waimbaji wanne. Hajui ngoma zenu zinasimamaje. Msipomwandikia, ataweka maikrofoni mbili mbele na kuwatakia heri.

Andikeni karatasi mbili. Ya kwanza ni mchoro wa jukwaa mkilitazama kutoka kwa watazamaji: nani anasimama wapi, ngoma zipi ziko chini, wachezaji wanapita upande gani, wanahitaji nafasi ya mita ngapi. Ya pili ni orodha ya sauti: kila ala, jinsi inavyopigwa, na maikrofoni iwekwe wapi. Ngoma za muheme za kina mama wa Kigogo hubanwa mapajani, na wapigaji hutembea. Maikrofoni ya kusimamishwa kwenye stendi ya chuma haitawafuata. Zeze lina sauti ndogo, linahitaji maikrofoni ya karibu. Marimba ya Kigogo, ile ya vyuma, ina tundu lililofunikwa utando wa buibui ili litoe mlio wa kukereza. Fundi asiyejua atadhani spika imeharibika na kuanza kuukata mlio ule. Mwambieni mapema, na mwandikieni, kwamba huo ndio muziki wenyewe.

Vikundi vya taarabu vina shida ya aina nyingine. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini. Haiwezi kulinganishwa nyuma ya jukwaa wakati kikundi kingine kinapiga spika zote. Ombeni chumba chenye utulivu kwa nusu saa, kisicho na jua kali, na ala ipelekwe jukwaani dakika za mwisho. Udi nao ukipata maikrofoni ndogo ya kubana utasikika kuliko ukisogezewa ya mwimbaji.

Kisha moto. Ngoma za ngozi zinahitaji kupashwa ili zikaze, na kwenye maeneo ya mashabiki moto wa wazi kwa kawaida hauruhusiwi. Jambo hili limewaangusha wapigaji hodari: wanafika na ngoma zilizolegea kwa unyevu wa usiku, wanaambiwa zima hilo jiko. Ulizeni wiki kadhaa kabla. Wakikubali jiko la mkaa mahali maalumu penye ndoo ya mchanga, vizuri. Wakikataa, anikeni ngoma juani mchana, kisha mzifunge kwa blanketi mpaka zamu yenu, na ombeni umeme nyuma ya jukwaa kwa ajili ya hita au hata draya ya nywele. Draya hufanya kazi kwa ngoma ndogo. Kwa ngoma kubwa ni ya kusaidia tu.

Mazoezi ya sauti jukwaani yakipangwa saa mbili asubuhi, nendeni wote, mpaka mwimbaji mkuu. Mkiwatuma wapigaji peke yao, fundi atapima nusu ya kikundi.

Hatua ya 5: Mkataba kabla ya basi

Kuna mtego mmoja wa kuujua kwa jina lake: "mtapata kuonekana". Mashindano ya bara zima yana wadhamini, haki za matangazo na bajeti za burudani. Msanii wa kizazi kipya hatapanda jukwaani bila malipo ya awali, na mpiga ngoma wa miaka 60 hapaswi kupanda kwa masharti duni kuliko yake. Kama mnachagua kujitolea kwa shughuli ya shule au hospitali ya jirani, huo ni uamuzi wenu na ni mzuri. Usiwe uamuzi wa mtu mwingine.

Mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje yafuatayo kwa maneno yasiyo na utata. Malipo ya kikundi ni kiasi gani, na kiasi hicho ni kabla au baada ya kodi ya zuio. Hapa ndipo watu hushtuka wakipokea pungufu. Sehemu gani inalipwa mapema. Nusu ni ombi la kawaida, na nauli isiwe ndani ya malipo hayo. Posho ya kila siku kwa kila mtu, tangu siku ya kuondoka hadi ya kurudi. Malazi, vitanda vingapi kwa chumba, na chakula saa ngapi, maana wachezaji wanaopanda jukwaani saa nne usiku hawawezi kungoja mlo wa saa sita. Maonyesho mangapi kwa siku. Mkiandikiwa "maonyesho na shughuli nyingine zitakazohitajika", futeni sehemu hiyo ya pili, la sivyo mtajikuta mnacheza uwanja wa ndege alfajiri na hotelini usiku.

Wekeni na kifungu cha mabadiliko. Ratiba ya michezo huamuru kila kitu. Mvua, mechi kwenda muda wa nyongeza na penalti, timu mwenyeji kutolewa na mashabiki kurudi nyumbani: lolote kati ya hayo linaweza kuifuta zamu yenu. Mkataba useme kwamba mkiwa mmekwisha fika, mnalipwa.

Halafu picha na sauti. Kuwapiga picha kwa habari za siku hiyo ni jambo moja. Kurekodi onyesho zima na kulitumia kwenye tangazo la biashara mwaka unaofuata ni jambo jingine kabisa, lenye bei yake. Andikeni kipi kinaruhusiwa, kwa muda gani, wapi. Nyimbo mlizotunga zisajilini kwa wasimamizi wa hakimiliki kabla ya tamasha. Kwa nyimbo za jadi, Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Jina la jamii yenye ngoma litajwe kila inapoonyeshwa, na hilo pia liwe kwenye mkataba.

Mkiwa na watoto kikundini, kila mmoja awe na ridhaa ya mzazi iliyotiwa saini na mlezi wa kike au wa kiume aliyetajwa kwa jina.

Hatua ya 6: Sheria za mashindano zisizofanana na za tamasha la kawaida

Kila anayeingia eneo la mashindano huhitaji kitambulisho maalumu. Mtaombwa orodha ya majina, namba za pasi na picha, mapema sana, na baada ya tarehe ya mwisho kumbadilisha mtu ni taabu. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasi, herufi kwa herufi. "Mama Zuhura" anayejulikana mkoa mzima ataachwa getini kama pasi inasema vingine. Ongezeni wachezaji wawili wa akiba kwenye orodha tangu mwanzo.

Mikuki, mapanga, majembe, marungu: walinzi watavizuia. Tengenezeni vya mbao, vipakeni rangi, mpeleke picha zake kwa mratibu, na muombe barua ya ruhusa. Chatu wa wachezaji wa Kisukuma ni suala la idara ya wanyamapori, wala si la getini. Bila kibali aachwe nyumbani.

Nembo nazo zina wenyewe. Jina na alama za mashindano ni mali ya CAF, na huwezi kuzichapisha kwenye fulana au bango la kikundi bila ruhusa ya maandishi. Vilevile mfadhili wenu wa nyumbani, mwenye duka au kampuni ya simu, hawezi kuonekana kwenye mavazi yenu ndani ya eneo la wadhamini rasmi. Mwelezeni mapema asije akaona ametapeliwa.

Hatua ya 7: Safari na mpaka

Kitambulisho cha taifa huwavusha raia kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Kwa safari inayohusisha Tanzania andaeni pasi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku kumi kabla ya kuvuka, na kadi zikae kwa mtu mmoja makini.

Ala zihesabiwe kwenye orodha yenye picha, igongwe mhuri wa forodha mkitoka, ili mkirudi msidaiwe ushuru wa vitu vyenu wenyewe. Angalieni ngozi: engalabi ya Kiganda huwambwa kwa ngozi ya kenge, na mavazi mengine hutumia ngozi ya mbega. Biashara na usafirishaji wa wanyama hao huangaliwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, hivyo mnahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori au mbadala wa ngozi ya mbuzi. Ngozi ya chui na pembe za ndovu zisivuke mpaka kabisa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Ratiba yote iandikwe kwa saa 24. "Saa moja" ya mratibu kutoka nje ni saa saba yetu, na kikundi kimoja kinaweza kukosa zamu kwa neno hilo. Wanaotoka Rwanda na Burundi wakumbuke saa zao ziko nyuma kwa saa moja.

Ombeni zamu inayomalizika angalau dakika 40 kabla ya mechi kuanza, au siku isiyo na mechi. Wakati mpira unachezwa hakuna atakayewatazama, na dakika 15 za mapumziko ni za chakula na choo. Mpeni mshereheshaji karatasi yenye mistari mitatu: jina la kikundi, ngoma, jamii na mahali inapotoka. Asipokuwa nayo atasema "ngoma zetu za asili", basi.

Hatua ya 9: Baada ya kurudi

Ndani ya wiki moja tumeni ankara ya salio pamoja na nakala ya mkataba na namba ya akaunti. Ombeni rekodi kamili ya onyesho na picha, kama mlivyokubaliana, mkiwa bado mnakumbukwa. Kaeni kikao cha mahesabu mbele ya wanakikundi wote, risiti mezani, kila mmoja ajue kilichoingia na alichopata. Tengeni fungu la kurekebisha ala. Ngozi zilizosafiri kwa basi na kuanikwa juani nchi nyingine huhitaji kuwambwa upya. Kisha waonyesheni wazee ile rekodi yote, kipande kwa kipande, waseme kipi kibaki kwenye toleo la jukwaani na kipi kirudishwe nyumbani.